Palomba wa Nyua Mbili

Nilizaliwa katika ua wa mtoni, nyuma ya viwanda vya ngozi, mahali ambapo watu wa Bitola hawakuwa wakifika ila wana shida au wamepotea njia. Palomba Ergas hakuzaliwa huko. Alikuja mtu mzima, na godoro moja, mume mmoja na kuku aliyefungwa miguu, na alipofika alisimama katikati ya ua akaziba pua kwa upindo wa mtandio wake. Mama yangu alipenda kulisimulia hilo mbele yake mwenyewe, naye Palomba akicheka. Lakini ili habari yake ieleweke, lazima nianzie alikotoka.

Alitoka Ua wa Kisima. Siku zile sisi Wayahudi wa Bitola tulikaa katika nyua: nyumba zimezunguka uwanja mmoja, mlango wa nje mmoja, tanuri moja, na siri hakuna. Ukikaanga kitunguu, ua mzima unajua. Ukigombana na mumeo, kesho utaulizwa mmeishia wapi. Ua wa Kisima ulikuwa wa watu wenye heshima zao, wauza vitambaa, masonara, wasomaji wa sinagogi. Merkado, mume wa Palomba, alikuwa fundi wa magodoro, mtu mpole ambaye kila siku alikuwa na nyuzi za sufu kwenye ndevu, na waliishi hapo kwa sababu chumba kilikuwa cha marehemu mama yake Palomba.

Alasiri wanawake waliketi kwenye ngazi za mawe, mabakuli mapajani, wakimenya njegere au kuchagua mchele, na hapo ndipo watu walipohukumiwa. Hawakuiita hukumu, waliiita mazungumzo. Bi harusi fulani anatia chumvi kama mtu anayewachukia wakwe zake. Mjane fulani amevua nguo nyeusi mapema. Hakuna aliyetumia neno baya. Kila mmoja alianza kwa kusema, "Mimi simsemi mtu," kisha akamsema.

Palomba alijifunza mambo hayo kama alivyojifunza kukanda unga wa bureka, sambusa zetu za jibini, kwa kukaa karibu na mama yake na kutazama. Alijua kile kimya kidogo kabla ya kutaja jina la mtu kina kazi gani. Alijua wakati wa kuguna na wakati wa kuinua macho mbinguni. Alipofika makamo hakuwa na mshindani. Na msidhani alikuwa mwanamke mbaya. Akiugua mtu pale uani, supu ya kwanza kufika ilikuwa yake. Ua ule ulimfundisha yote mawili, kupeleka supu na kupeleka maneno, naye hakuona kwamba ni vitu viwili.

Sasa katika ua huo alikuwapo Vida Alboher, mke kijana mwenye watoto wawili. Mumewe alikwenda Amerika kama wengi wa kwetu, akaandika kwa muda, halafu akanyamaza. Vida alihesabika mwanamke mzuri, mtulivu, mpaka Jumamosi moja. Djamila, wifi yake Palomba, alikuwa akitoka sinagogi akamwona Vida anaingia kwa mlango wa nyuma, mikono myekundu hadi viwikoni, mikono ya gauni imelowa, ananuka sabuni. Haikuchukua hata saa ikajulikana: Vida alikuwa akifua nguo kwa ofisa mmoja, na ofisa huyo siku yake ya kufuliwa ilikuwa Jumamosi. Sabato. Siku ambayo sisi hata kiberiti hatuwashi.

Kwenye ngazi hakukuwa na mjadala mrefu. Walisema mtu akila chakula kilichopatikana kwa kuivunja Sabato ni bora akalale na njaa. Walisema watoto wake watakua wakidhani Sabato ni Jumatatu. Palomba alisema, na aliyakumbuka maneno hayo maisha yake yote, kwamba doa dogo huharibu shuka zima.

Ijumaa iliyofuata, wanawake walileta sufuria zao kwenye tanuri la ua kama kawaida. Chakula chetu cha Sabato ni maharage na nyama na mayai, hupikwa taratibu tangu Ijumaa jua halijazama mpaka Jumamosi adhuhuri, kwa kuwa siku yenyewe hatupiki. Sufuria ya Vida ilikuwa tayari mle ndani. Palomba akainama, akaishika kwa matambara, akaitoa akaiweka chini kwenye mawe. Akafunga mlango wa tanuri. Hakupiga kelele. Wenzake walikuwa wamesimama nyuma yake, na mmoja wao alimgusa bega, kama mtu anayesema umefanya vyema.

Vida alikuja akaiona. Akaichukua, akaikumbatia na moto wake. Alisema neno moja tu.

"Watoto wangu hawakuvunja kitu, Tia Palomba."

Tia ni shangazi, ndivyo tunavyowaita wanawake waliotutangulia. Palomba alirudi chumbani kwake, akawasha mishumaa ya Sabato, akaziba macho kwa viganja na kuomba, na moyo wake ulikuwa mweupe kabisa. Hilo ndilo lililomtisha baadaye alipolikumbuka: kwamba aliomba vizuri siku ile, na usingizi wake haukuwa na kasoro. Haukupita mwezi Vida akachukua watoto wake akaenda Salonika kwa mjomba wake, na chumba chake akapewa muuza viatu.

Kisha vita vikaja. Makombora yalitoka milimani yakaanguka mjini karibu kila siku, miaka na miaka, na watu wakakimbilia kila upande. Palomba na Merkado walikaa vijijini kwa wakulima, Merkado akiwashonea magodoro ili wapate mahali pa kulala. Mizinga iliponyamaza wakarudi. Ua wa Kisima ulikuwa umebaki kisima tu. Jumuiya ikawatafutia chumba, na chumba pekee kilichopatikana kilikuwa mtoni, kwetu.

Kwetu walikaa wapagazi, wafua nguo, muuza mbegu za maboga, na wanaume wawili waliofanya kazi kwenye ngozi na hawakuweza kuitoa harufu hiyo hata wakijisugua kwa majivu. Mama yangu, Klara Kalderon, alikuwa mmoja wa wafua nguo. Baba alikufa vitani akiwa amebeba mizigo ya jeshi, na mama alibaki na sisi watatu. Sitaki kusema kwamba ule ulikuwa ua wa malaika. Watu walilewa pale. Watu walipigana kwa sababu ya kamba ya kuanikia. Lakini hakukuwa na ngazi, hakukuwa na mahali mtu angekaa juu ya mwenzake, na kulikuwa na Tia Sunhula.

Tia Sunhula alikuwa mzee kipofu aliyekaa kwenye kiti cha majani mlangoni kwake, akisokota uzi. Mtu akitajwa vibaya mbele yake, alikuwa na swali moja: "Umefika kwake?" Hakukemea. Alitaka kujua kweli. Kama umefika, hebu tuambie kuna nini jikoni, wanalala wangapi kitandani, upepo unaingilia upande gani. Kama hujafika, basi tuzungumze mengine. Swali lake lilizoeleka likawa mzaha wa ua mzima. Paka akiiba samaki na mwenye samaki akilaani, hata sisi watoto tulimwuliza: umefika kwake?

Alasiri ya kwanza Palomba alitoka na bakuli la njegere, akageuza kapu akakalia. Alisubiri kidogo, kama mgeni mwenye adabu. Kisha akasema yule mwanamke aliyepita asubuhi na kitambaa chekundu kichwani, naye Palomba hamsemi mtu, lakini mwanamke wa umri ule na rangi ile. Akaacha maneno yaning'inie, kama alivyofanya maisha yake yote, apate wa kuyapokea.

Hakuna aliyeyapokea. Mama yangu aliendelea kukamua shuka. Tia Sunhula akageuza uso.

"Umefika kwake?"

"Kwake wapi? Nimemwona anapita tu."

"Aa," akasema Tia Sunhula, kisha akamwuliza kama kuku wake ameanza kutaga.

Palomba alituambia miaka baadaye kwamba alijisikia kama mtu aliyeingia uwanjani kucheza, kumbe ngoma imekwisha nyamaza. Alimwambia Merkado kwamba watu hawa hawajui kuzungumza. Merkado akasema labda wamechoka. Na kweli tulikuwa tumechoka. Palomba alijaribu tena kesho yake, na wiki iliyofuata, na kila mara maneno yake yalianguka chini. Mbegu isiyopata udongo huchoka yenyewe. Taratibu akaanza kusimulia mambo mengine, namna ya kupika biringanya bila mafuta mengi, namna mama yake alivyokuwa akiogopa vyura. Tukagundua kwamba anachekesha. Tia Sunhula alimpenda. Alikuwa akimwomba amwelezee rangi za mawingu, na Palomba, aliyekuwa na jicho kali kuliko sote, akawa analitumia jicho hilo kumwonyesha kipofu dunia.

Mwaka wa tatu wa kukaa kwao, majira ya joto, Djamila alirudi kutoka Salonika, alikokimbilia wakati wa vita, akaja kumtembelea wifi yake. Alisimama mlangoni, leso puani, akakataa kiti. Akauliza wanawezaje kuishi katika harufu hii.

"Harufu gani?" Palomba akauliza.

Hakuwa akimtania. Alivuta pumzi, akavuta tena, na kweli hakusikia kitu. Djamila alipokwenda zake, Palomba aliingia ndani. Merkado alikuwa sakafuni akichambua sufu, na kwa kuwa alihudhuria darasa la hahamu wetu, mwalimu wa dini, kila Jumamosi alasiri, na hakuwa na mtu mwingine wa kumwambia aliyoyasikia, alianza kumsimulia habari za Lutu.

Hahamu aliwauliza: Lutu alijifunza wapi kuwakimbilia wageni njiani na kuwasihi waingie nyumbani kwake wale? Wakajibu, kwa ami yake Ibrahimu, aliyemlea. Naam, na alijifunza wapi kuwaambia watu wa Sodoma waliouzingira mlango, waacheni wageni wangu, chukueni binti zangu? Hapo hahamu akajibu mwenyewe: Alijifunza pale pale alipokaa. Mtu mmoja, siku moja, mlango mmoja, na ndani yake mna hema la Ibrahimu na mji wa Sodoma.

"Hahamu anasema Lutu alikuwa mwema nusu," Merkado akasema. "Mimi naona pua yake ilikuwa imezoea."

Palomba alimtazama. "Na yangu? Yangu ilizoea nini kule juu, Ua wa Kisima?"

Merkado aliendelea kuvuta sufu, akiitenga nyeupe na ya kijivu, wala hakuinua kichwa. Alikuwapo Ijumaa ile. Aliiona sufuria juu ya mawe, akapita.

Tangu siku hiyo Palomba hakutulia. Mama yangu alimwona anasahau mkate motoni. Mwishowe akaenda kwa hahamu, Pinhas Testa, aliyekuwa mwalimu wetu wa sheria na mwamuzi wa migogoro yetu, akamkuta nyuma ya nyumba anamwagilia pilipili zake. Akamweleza yote, tangu mikono myekundu ya Vida mpaka mlango wa tanuri. Kisha akauliza swali alilokuwa amelibeba: kama ni ua uliomfundisha, dhambi ni yake au ya ua?

"Mikono ilikuwa ya nani?" hahamu akauliza.

"Yangu."

"Basi sehemu hiyo tumemaliza." Akaweka ndoo chini. Alikuwa mtu mkavu, lakini sauti yake ililainika. "Sikiliza, binti yangu. Mtu huchota moyo wake kwa majirani kama achotavyo maji. Ndiyo maana wazee wetu walituambia tumkimbie jirani mbaya, na wakatuambia tusimhukumu mtu mpaka tumefika mahali pake. Mahali ni kitu kikubwa. Lakini wewe unadhani ua ni nini? Ni mawe? Kwa Vida, ua ulikuwa wewe. Kila mtu ni ua wa mwenzake. Nenda ukamtafute kabla ya siku ya kufunga."

Kwetu, Siku ya Upatanisho, ndiyo hiyo siku ya kufunga, husamehe makosa ya mtu kwa Mungu. Aliyemkosea mwenzake lazima amwendee mwenyewe, na akikataliwa arudi tena. Palomba aliulizia, akapata habari. Vida alikuwa amerudi Bitola tangu mwaka uliopita. Watu wetu wa Amerika walishuhudia kifo cha mumewe, akawa huru kuolewa, na ameolewa na Santo Faradji, mfanyabiashara wa vitambaa aliyefiwa na mke. Anakaa barabara kuu, nyumba yenye vioo vya rangi mlangoni.

Palomba alivaa gauni lake la sinagogi akaenda. Mtumishi alifungua, na Vida akashuka ngazi nusu, akasimama hapo hapo.

"Palomba Ergas," alisema. "Nilisikia siku hizi unakaa mtoni."

"Ndiyo, nakaa."

"Pole."

"Nimekuja kwa ajili ya ile sufuria."

"Sufuria gani? Mimi ninazo sufuria nyingi."

Palomba aliona kwamba Vida anakumbuka. Aliaga akarudi. Siku chache baadaye akaenda tena. Safari hii aliingizwa sebuleni, kwa kuwa Vida alikuwa na wageni, wake wa wafanyabiashara watano sita, vikombe vya kahawa mikononi. Hao ndio waliokuwa wakigawa nguo za baridi kwa maskini, na siku hiyo walikuwa wakiamua nani apewe na nani asipewe. Hakuna aliyemwambia akae.

Vida akasema afadhali amekuja, huyu anatoka kule, atawasaidia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kuna Klara Kalderon. Mimi simsemi mtu. Lakini tulimpa koti la mtoto, zuri, lenye bitana, akaliuza sokoni kabla theluji haijayeyuka. Mnapewa, mnauza. Ndivyo mlivyo watu wa mtoni."

Wenzake wakaguna, na mmoja akainua macho mbinguni.

Palomba hakukasirika. Alituambia ilikuwa kama kukutana njiani na mtu aliyevaa nguo yako ya zamani: unaijua kila mshono. Kile kimya kabla ya jina kilikuwa chake. Miguno aliifahamu mmoja mmoja. Na Vida, yule mtulivu aliyekuwa akisalimia watu macho chini, hakuleta sauti hiyo kutoka Salonika. Aliikuta pale, kwenye viti vile vya mahameli, kama mtu anavyokuta joto la aliyetoka kukaa.

"Umefika kwake?" Palomba akamwuliza.

"Nifike kwake kufanya nini?"

"Kumwuliza."

Wale wanawake wakacheka. Vida naye akacheka, lakini kwa kuchelewa. Palomba akawaaga wote vizuri, akaondoka, na njia nzima alikuwa akijilaumu kwamba ameharibu, amekwenda kuomba msamaha akaishia kumfundisha mtu.

Siku mbili kabla ya kufunga, asubuhi, Vida alikuja mtoni. Nilikuwa msichana mdogo lakini nakumbuka viatu vyake, vya ngozi nyembamba yenye vifungo pembeni, namna alivyovitoa topeni kimoja kimoja. Alikuwa ameshika leso lakini hakuiweka puani. Akauliza mlango wa Klara. Palomba, aliyekuwa akichota maji, aliweka ndoo chini akamfuata.

Mama alikuwa ameinamia beseni. Alimtambua mgeni, akajifuta mikono kwenye aproni na kusubiri.

"Uliliuza koti?" Vida akauliza.

"Niliuza."

"Kwa nini?"

Mama akatuonyesha sisi, tuliokuwa tumejipanga ukutani kama vikombe. "Koti moja, bibi. Nimpe nani? Nikimpa mkubwa, hawa wawili wanatetemeka wakimtazama. Koti linamfunika mmoja. Kuni zinawafunika watatu. Nikanunua kuni." Akafikiri kidogo. "Na halua kipande. Nisikudanganye."

Vida alikaa kitandani, kwa sababu kiti hakikuwapo. Alitazama mahali upepo ulipoingilia, ambapo mama aliziba kwa matambara. Alitazama kitanda alichokikalia, na akaelewa kwamba ni kimoja. Halafu akatazama mikono ya mama, myekundu mpaka viwikoni, ngozi imepasuka vidoleni kwa sabuni na maji baridi, na akaitazama muda mrefu. Aliijua mikono hiyo. Kisha akaishika, yote miwili, kama unavyoshika mikono ya mtu aliyetoka safari.

Palomba alikuwa bado mlangoni. Vida akasema bila kumgeukia.

"Siku ile nilisimama pale uani nikisubiri mtu mmoja aniulize kwa nini. Mmoja tu. Nilikuwa na jibu tayari mdomoni. Hukuniuliza."

"Sikukuuliza," Palomba akasema. "Ningekuuliza, nisingeweza kuitoa ile sufuria. Ndiyo maana."

Vida akaitikia kwa kichwa. "Na mimi ndiyo maana sikutaka kuja huku."

Palomba akaingia, akapiga magoti kwenye sakafu ya udongo, ingawa desturi yetu haitaki hivyo, akaomba msamaha kwa maneno yaliyonyooka: nilikudhalilisha mbele ya watu, niliwanyima watoto wako chakula cha Sabato, nikalala vizuri. Vida alimwinua. Alitamka msamaha kama inavyopasa, kwa sauti ya chini, halafu akaomba maji ya kunywa. Mama akampa katika bilauri yetu pekee isiyo na ufa.

Siwezi kusema kwamba mambo yote yaligeuka tangu hapo. Vida aliwashauri wenzake kwamba asifutwe mtu orodhani kabla hajatembelewa nyumbani. Wawili walijitoa wakisema hawana viatu vya kwenda matopeni. Waliobaki walikwenda, wengine wakirudi na huruma na wengine na mafua. Vida mwenyewe hakuacha kabisa ulimi wa barabara kuu, na kwa nini auache, anakaa huko. Lakini mara moja kwa wiki alishuka mtoni, akakaa juu ya kapu lililogeuzwa kati ya mama na Palomba, akamenya chochote kilichokuwapo, na hapo sauti yake ilikuwa nyingine. Tia Sunhula kabla hajafa alisema anaweza kujua kwa sauti tu kama Vida amekaa kwetu nusu saa au ndiyo kwanza ameingia.

Miaka ikaenda. Ua wa Kisima ukajengwa upya kwa msaada wa watu wetu walioko ng'ambo, na familia za zamani zikaitwa zirudi. Palomba na Merkado walipewa vyumba viwili, dirisha la kusini, mbali na harufu. Merkado alikuwa amezeeka, kifua kinambana kwa vumbi la sufu, na tulijua lile dirisha analitaka. Tulianza kumwombolezea Palomba kabla hajaondoka.

Alikwenda kuvitazama vyumba. Alirudi jioni akasema haendi. Merkado, mara hii, alibishana. Alimkumbusha maneno ya hahamu: kila mtu ni ua wa mwenzake. Basi arudi kule akawe ua mwema. Akawafundishe.

"Hahamu ni mtu mwenye nguvu," Palomba akasema. "Mimi najijua. Nilikaa kwenye zile ngazi mpya kidogo tu leo, na Djamila akaanza, nami nikajikuta naguna. Sikukusudia, Merkado. Niliguna kabla sijajua kwamba nimeguna."

Merkado akauliza, na kifua chake je?

Hilo lilikuwa swali la haki, na Palomba alilia usiku ule, mama alimsikia kupitia ukutani. Mwishowe walipatana hivi: Merkado akawa anapanda Ua wa Kisima mchana, kwa dada yake Djamila, anakaa dirishani kwenye jua na kupumua, na jua likielekea kushuka Palomba anamfuata, wanarudi pamoja wamekamatana mikono. Kule juu watu walicheka wakasema Palomba amezoea uvundo. Naye aliwajibu kwamba ndiyo, amezoea, na amewahi kuzoea mbaya zaidi.

Merkado alikufa kwanza. Palomba alimfuata mwaka wa baridi kali, kabla ya mabaya yaliyokuja kutupata sisi Wayahudi katika vita vya pili, na kwa hilo namshukuru Mungu. Watu wa nyua zote mbili walifika. Sanda zetu hushonwa na wanawake siku hiyo hiyo, kitambaa cheupe, bila fundo katika uzi. Vida alileta kitambaa kutoka dukani kwa mumewe. Alikaa upande mmoja wa meza na mama yangu upande wa pili, wakashona kuelekeana, wakibishana taratibu kama mshono uwe mrefu au mfupi, na walipokutana katikati mama alikata uzi kwa meno, wakauacha ukining'inia hivyo hivyo.